Flashi ya Shangazi

Mwizi alikuwa mtu wa kuchagua. Kompyuta aliiacha mezani, ikiwa imewashwa. Simu aliiacha juu ya kiti, na mkoba juu ya simu. Hata miwani ya kusomea hakuigusa. Alichoondoka nacho ni flashi moja nyeusi, fupi kuliko kidole gumba, iliyofungwa uzi mwekundu ili isipotee.

"Imepotea na uzi wake," alisema Shangazi, akajipangusa jasho kwa ncha ya mtandio.

Inspekta alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma, akikagua kila kitu isipokuwa uso wa mwenye chumba. Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mjane wa siku nyingi, mkavu wa maneno. Kituoni walimwita Kufuli, kwa kuwa neno likiingia kwake halitoki hata kwa nyundo. Nyuma yake alisimama Koplo, mnene, mchangamfu, ambaye kwake neno lilikuwa likitoka kabla halijamaliza kuingia.

Shangazi hakuwa shangazi wa yeyote pale. Lilikuwa jina la kazi. Mlangoni paliandikwa "Ushauri wa Familia", lakini mji mzima ulijua kwamba kazi yake ni kuwakutanisha wapweke: wajane na wagane, walioachika, waliochelewa, na wale wanaodai kuwa wanaulizia kwa niaba ya rafiki. Hakumpa mteja kalamu. Alimkalisha, akawasha kinasa sauti, akamwambia aseme anamtaka mwenzi wa namna gani. Mwisho alimwomba aimbe wimbo wowote anaoupenda.

"Aimbe?" Koplo aliuliza.

"Mtu akiandika, anajipamba. Akisema, anapima maneno. Akiimba, hana pa kujificha. Nikisikia wimbo najua nimpeleke kwa nani."

Hayo Inspekta hakuhitaji kuambiwa. Siku moja ya mvua, bila sare, amejitanda mtandio hadi puani, alikaa kwenye kiti kile kile akasema mambo ambayo hajawahi kumwambia hata dada yake wa tumbo moja. Kisha akaimba. Sauti yake ilikuwa humo, ndani ya flashi yenye uzi mwekundu, na sasa ilikuwa mfukoni mwa mtu asiyemjua.

"Karibu sana, afande," Shangazi alikuwa amempokea leo mlangoni. "Sijawahi kupata bahati ya kukuona." Alidanganya kwa ufundi mkubwa hivi kwamba Inspekta alimheshimu zaidi.

"Nani alikuwepo asubuhi?"

"Watatu. Fundi wa kompyuta alikuwa chini ya meza anatengeneza printa, akatoka kwenda kuleta waya. Mzee mmoja mteja wangu alikuwa amekaa ukumbini anangoja zamu. Na fundi cherehani wa hapo chini alipanda kupima pazia."

Inspekta alitazama dirisha. Pazia lilikuwa jipya, limenyooka, limegusa sakafu kwa ukamilifu. "Hili?"

"Hilo hilo. Ni mtu wa makini. Wiki iliyopita pia alilipima."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda bombani, mwisho wa ukumbi, kujaza birika. Narudi, kompyuta ipo, flashi hakuna."

Koplo alikohoa. "Shangazi, humo ndani... ni watu wa hapa hapa mjini?"

"Mwanangu, wengine wako karibu kuliko unavyodhani."

Koplo alisogea karibu. "Lakini imefungwa, sivyo?"

Inspekta aligeuka, akamtazama. Koplo akatazama dari. "Nauliza kwa niaba ya raia," alisema.

Jibu lilitoka mlangoni. Fundi wa kompyuta alikuwa amerudi na waya begani, mtu mzima mwenye macho ya kukosa usingizi. Mtaani walimwita Waya, na hakulipenda jina hilo hata siku moja.

"Imefungwa," alisema kwa fahari. "Tena haikufungwa kienyeji. Afande, flashi ya kawaida ni barua isiyo na bahasha: anayeiokota, anaisoma. Wapo wanaojidanganya. Anabadilisha jina la folda, anaandika 'Picha za zamani', anadhani ameficha. Huko ni kujificha nyuma ya pazia na miguu inaonekana! Mimi nimeisimba yote. Kila sauti iliyomo imesagwa ikawa unga, na pasipo nenosiri unga haurudi kuwa nafaka."

"Wewe nenosiri unalijua?"

"Hapana. Nilimpa mgongo alipokuwa analichagua. Nilimwambia tu liwe refu, lisiwe jina lake wala la marehemu, na achanganye herufi kubwa na ndogo mahali anapopajua yeye."

"Na kama mwizi ana muda mwingi?"

"Awe na muda wa wajukuu wake na wa wajukuu wao."

Mabega ya Inspekta yalishuka kidogo. Huyu, aliwaza, kila wiki anaachiwa kompyuta ikiwa wazi na flashi imo. Angetaka kuiba angenakili kimyakimya akaenda zake. Mwenye kuingia mlangoni haruki dirisha. Alimfuta kwenye hesabu.

"Basi hata isipopatikana," Koplo alisema, "si kuna nakala?"

"Nilimwambia aweke nakala," Waya alisema.

"Niliweka," alisema Shangazi.

Wote walimgeukia kwa matumaini.

"Iko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Kwenye flashi. Humo humo, pembeni ya ile nyingine, zisitengane."

Kwa hiyo kazi ya miaka ya Shangazi ilikuwa kwenye kitu kimoja chenye uzi, na kitu hicho hakipo. Asipokipata, atawaita wateja wote waje waseme upya yale waliyojikaza kuyasema mara moja maishani. Inspekta alijijua: yeye asingerudi. Ujasiri ule ulikuwa wa mara moja, kama kiberiti.

"Nionyeshe," alisema, "jinsi unavyoifungua kila asubuhi. Jifanye ipo."

Shangazi alivaa miwani, akavuta kiti, akanyoosha kidole kimoja juu ya kibodi kama anayechokoa kuni. Kisha akapaza sauti, herufi moja baada ya nyingine, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Alikuwa amefika herufi ya tano Inspekta aliporuka na kumfunika mdomo.

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Nalikumbuka," Shangazi alisema chini ya kiganja.

"Kila asubuhi unalitaja namna hiyo?"

"Nisipolitaja, kidole kinapotea njia."

Waya aliketi sakafuni taratibu, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Nimejenga ngome," alisema, bila kumwambia mtu maalumu. "Nimejenga ngome, na mwenyewe anasimama getini anatangaza ufunguo."

Simu ya Inspekta iliita. Alikuwa Mkuu wa Kituo.

"Inspekta. Nasikia kuna kijambo cha wizi huko."

"Flashi moja, mkuu."

"Ahaa. Kitu kidogo."

"Kidogo sana."

"Basi ni kesi ndogo. Acha kesi nyingine zote, shughulika na hii tu." Mkuu akashusha sauti. "Imefungwa?"

"Imefungwa, mkuu."

Upande wa pili ulisikika mkwaruzo wa mtu anayekaa baada ya kusimama muda mrefu.

Habari zilikuwa zimeshatembea. Walipotoka nje, mwenye duka la dawa alivuka barabara na koti lake jeupe, akataka kujua kama kilichoibwa kina kufuli ndani. Mlinzi wa benki aliacha lango, akauliza hivyo hivyo, akasema ni udadisi tu. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mkoba wa ngozi alisimama, akafikiri, akaondoka, akarudi. "Samahani, afande. Imefungwa?" Inspekta alijibu kila mmoja kwa neno moja, na kila mmoja aliondoka akiwa mwepesi.

Chini ya ofisi ya Shangazi, mlango ukiwa wazi, fundi cherehani alikuwa anashona. Alikuwa mwanamume mtulivu, nywele zimeanza mvi, utepe wa kupimia shingoni. Aliinuka kwa adabu.

"Poleni na kazi, afande. Mwambieni Shangazi asihangaike. Kitu chake kitapatikana."

"Tunashukuru, fundi," alisema Koplo.

Fundi akarudi kwenye cherehani, na gurudumu likaendelea kuzunguka.

Mzee mteja walimkuta kwenye benchi nje ya jengo, hakuwa ameondoka. Alikuwa karani mstaafu, na tangu astaafu hakuwahi kuonekana bila tai. Mji ulikuwa umesahau jina lake ukabaki na Mzee Tai. Alipoona sare aliingiza mkono mfukoni haraka, na mtu anayeingiza mkono mfukoni mbele ya polisi anajitafutia balaa.

"Toa mkono, mzee wangu," Inspekta alisema.

Mkono ulitoka. Ndani yake mlikuwa na flashi, nyeusi, haina uzi.

"Uzi umeukata!" Koplo alishangilia. "Afande, kesi imekwisha!"

"Si yenyewe," alisema Mzee Tai. "Wanangu, naapa si yenyewe. Msiifungue."

Hakuna maneno yanayomfanya polisi afungue kitu haraka kama hayo. Kituoni, Koplo aliichomeka kwenye kompyuta ya mapokezi. Inspekta alingoja kisanduku kiulize nenosiri. Hakuna kilichouliza. Flashi ilifunguka yenyewe kama mlango wa duka la bidhaa za bei ya kutupa, na kabla hajasema "ngoja", Koplo alikuwa amebonyeza faili la kwanza. Spika zilikuwa zimeachwa juu tangu siku ya mechi.

Sauti ya Mzee Tai ilijaa kituo kizima. Iliimba wimbo wa mapenzi. Ilipanda, ikakwama, ikakohoa, ikasema, "Toba, rudia." Ikaanza upya. Askari wa zamu walisimama. Mahabusu mmoja alipiga makofi kutoka ndani. Koplo alihangaika kuizima, akabonyeza kitu kingine, ikaanza ya pili, ikiwa mbaya kuliko ya kwanza. Mkuu wa Kituo alitoka ofisini kwake, akasimama mlangoni, akasikiliza kwa uso wa mtu anayeona ajali ikimpata mwenzake mahali ambapo angepita yeye.

Inspekta aling'oa flashi kwa mkono.

"Nilipoimba kwa Shangazi nilikuwa na mafua," alisema Mzee Tai, akiitazama sakafu. "Nikakataliwa na wawili. Nikafanya mazoezi nyumbani, nikapata moja nzuri. Nilikuwa nakuja kumwomba atoe ile ya zamani aweke hii. Nilikuwa bado nangoja zamu, wakasema imeibwa."

"Na hii yako hukuifunga hata kwa komeo," Inspekta alisema, si kwa ukali.

"Sikujua kama kuna haja, afande. Iko mfukoni mwangu mwenyewe." Aliinua macho. "Lakini ile ya Shangazi... imefungwa?"

"Imefungwa, mzee."

"Afadhali," alisema Mzee Tai. "Wenzangu wasipatwe na haya." Inspekta aliifunga flashi kwenye bahasha, akamrudishia kwa mikono miwili, akatangaza ukumbini kwamba askari atakayeimba wimbo ule ndani ya mwaka huo atalinda daraja.

Walirudi mtaani kwa miguu. Koplo alikuwa amenywea. "Afande, tumerudi mwanzo. Waya hahusiki, mzee hahusiki. Labda ni mpita njia."

"Mpita njia angechukua simu." Inspekta alipunguza mwendo. "Koplo, leo watu wangapi wametuuliza kama imefungwa?"

"Mji mzima!" Koplo alicheka, kisha akajikumbuka. "Yaani, raia."

"Mtu mwenye siri humo anauliza. Na asiye na siri anauliza pia, kwa sababu ni swali la kwanza linalokuja kinywani. Nani leo tumezungumza naye na hakuuliza?"

Koplo alianza kuhesabu vidoleni, akasimama. "Waya."

"Waya ndiye aliyefunga. Anayejua jibu haulizi. Mwingine?"

Kidole cha pili cha Koplo kilibaki hewani. Mbele yao, mlango wa fundi cherehani ulikuwa wazi, na gurudumu lilikuwa likizunguka.

Duka lilikuwa chumba kimoja chembamba, dari yake ya mbao ndiyo sakafu ya Shangazi. Inspekta alisikia ndara za Shangazi zikienda na kurudi juu ya kichwa chake, pwata, pwata, kama ziko chumbani humo humo. Alivuta kigoda akakaa. Koplo aliziba mlango, na hilo alilifanya kwa urahisi.

"Fundi, pazia la Shangazi lina urefu gani?"

Fundi aligusa utepe shingoni.

"Umelipima leo. Umelipima wiki iliyopita. Mtu wa makini kama wewe hawezi kusahau."

"Sijaandika, afande."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja," Fundi alikiri kwa sauti ndogo.

"Na tumepita hapa tangu asubuhi, kila mwenye kinywa ametuuliza kama flashi imefungwa. Wewe ulituambia tu kwamba itapatikana."

Mguu wa Fundi ulisimama juu ya kanyagio. Gurudumu lilizunguka kidogo lenyewe, likatulia. Alivuta kopo la vifungo, akaingiza vidole, akatoa flashi. Uzi mwekundu ulikuwa umenasa vifungo viwili vya shati.

"Nilikuwa nairudisha leo," alisema. "Nilipanda nayo mara mbili, nikakuta watu."

"Umeifungua?"

"Nilijaribu. Nilikwenda kwa wale wanaochapa makaratasi kule kona, nikaomba kompyuta. Ikauliza nenosiri. Nikafurahi, kwa sababu nalijua. Afande, nalijua kama jina langu! Kila asubuhi linashuka kwenye dari hii, herufi kwa herufi. Mazungumzo ya kawaida hayapiti mbao. Yanapita mambo mawili tu: nyimbo, na nenosiri la Shangazi, maana analitaja kama anamwita mtu ng'ambo ya mto. Nikaliandika. Ikakataa. Nikaliandika tena taratibu. Ikakataa. Nimeliandika mpaka kijana wa pale akaniuliza kama kompyuta imeniudhi."

"Herufi kubwa uliziweka wapi?"

Fundi alimtazama kwa huzuni ya kweli. "Herufi kubwa haina sauti, afande."

Inspekta alipumua. Kazi ya Waya ilikuwa imesimama kwa uzi mmoja, lakini ilikuwa imesimama.

"Ulitaka nini humo, kaka yangu?" Koplo aliuliza kutoka mlangoni. Hata yeye alikuwa ameacha kuwa polisi kidogo. "Kuwatisha watu? Kuwauza?"

"Watu?" Fundi alishangaa. "Siri za watu za nini? Nilitaka kujua kama yeye mwenyewe yumo. Kama na yeye amewahi kukaa kwenye kile kiti akasema anamtaka mtu wa namna gani. Na kama mtu huyo, hata kwa mbali, anafanana na mpima mapazia." Alishusha macho. "Nyimbo za wateja mimi nazisikia bure. Nakaa hapa nashona, wao wanaimba. Nimeshawazoea. Yupo mmoja, aliimba siku ya mvua kubwa. Sauti ya kusimamisha sindano! Nilishona mkono wa shati mahali pa kola kwa ajili yake. Ila ubeti wa pili alikosea maneno."

"Hakukosea," alisema Inspekta.

Juu, ndara za Shangazi zilisimama. Koplo alimtazama mkubwa wake, macho yakapanuka polepole kama mkate uliotiwa hamira.

"Kwa mujibu wa upelelezi," Inspekta aliongeza.

"Ndiyo, afande," alisema Koplo haraka. "Mimi sikusikia kitu."

"Hukusikia nini?"

"Hicho hicho nisichosikia."

Fundi aliinamisha kichwa juu ya kitambaa, akatafuta kwa bidii uzi ambao haukuwepo. Ndipo ngazi za nje zikalia, na Koplo akasukumwa pembeni na mkono usiokubali kuzibiwa njia. Shangazi aliingia, miwani kichwani.

"Mbao hizi," alisema, "zinapitisha kwenda juu pia, ukizilalia kwa sikio. Hukulifikiria hilo?"

Fundi alisimama. Utepe wa kupimia ulimwanguka shingoni.

"Ungeniuliza," Shangazi alisema.

"Ungenijibu nini?"

"Ningekujibu kwamba simo. Mganga hajigangi. Nimewaoza wenzangu mpaka nimepoteza hesabu, mimi nani aniketishe kitini?" Sauti yake, iliyozoea kutangaza, ilipungua ikawa ya mtu mmoja kumwambia mmoja. "Na wewe ungejuaje namtaka mtu gani, wakati nilikuwa nangoja umalize kupima?"

Uso wa Fundi ulifanya jambo ambalo Inspekta aliona si haki kulitazama, akatazama ukutani, kwenye suti iliyotundikwa bila mikono.

"Sheria inasema wizi ni wizi," alisema akiutazama ukuta. "Lakini sheria inahitaji mlalamikaji."

"Mlalamikaji hayupo," alisema Shangazi. "Ametoka kwenda bombani."

Ilibaki kuhakikisha kwamba mali ni nzima. Waya aliitwa, akaja na kompyuta yake kwapani, akaichomeka flashi juu ya meza ya kukatia nguo. Kisanduku kikauliza nenosiri. Shangazi alinyoosha kidole, akavuta pumzi, na watu wanne wakapiga kelele kwa pamoja.

"Kidole kitapotea!" alilalamika.

Fundi aliokota pini tatu kwenye mto wa sindano, akampa. "Zishike kwa midomo. Sisi mafundi tukizishika hatuwezi kusema hata tukiungua."

Shangazi alibana pini, akaandika. Alitoa jasho, macho yalimtoka, koo lilitikisika kwa kila herufi, lakini hakuna sauti iliyotoka. Alipomaliza, skrini ikajaa mafaili, yote mazima, safu kwa safu. Waya alifunga macho kwa raha. Koplo aligeuka kutazama barabara kwa heshima kubwa, na Inspekta hakuwa na haja ya kujiuliza tena kwa nini.

"Leo hii unabadilisha nenosiri," Waya alisema. "Na nakala inakaa kwenye flashi nyingine, nyumba nyingine. Hata ukiitupa ziwani, nisije nikasikia umelia."

Inspekta aliandika maelezo mafupi kuliko yote aliyowahi kuandika: mali imepatikana, haikufunguliwa, hakuna malalamiko. Fundi alimsindikiza mpaka kizingitini.

"Afande, asante. Najua nilipaswa kuuliza tu." Alisita, akashusha sauti ili Koplo asisikie. "Lakini yule wa siku ya mvua, ule wimbo wake ulikuwa wa mtu anayengoja. Na yeye ningemshauri aulize."

Inspekta alishuka kizingiti, akatembea mpaka ukingo wa barabara, akasimama hapo kwa muda huku Koplo akimsubiri. Kisha akarudi ndani kwa hatua zake zile zile ndefu za kwenda kukamata mtu. Mbele ya Fundi, mbele ya Waya, mbele ya Koplo aliyekuwa amemfuata, alisema kwa sauti isiyohitaji mbao kuipitisha:

"Shangazi. Wangu umempata?"

Waya aliangusha waya. Shangazi alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Nimempata tangu juzi. Nilikuwa natafuta namna ya kukufikishia bila kufika kituoni. Anaweza kuonana nawe leo alasiri. Ni mcheshi, nakuonya mapema."

"Saa ngapi?"

"Wewe useme, atakuja."

Inspekta alitoka tena, akapiga simu. Mkuu wa Kituo alipokea kabla haijamaliza kuita mara moja.

"Imepatikana, mkuu. Haikufunguliwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mkuu alishusha pumzi ndefu hivi kwamba Inspekta aliisogeza simu mbali na sikio. "Kazi nzuri. Kazi nzuri sana. Omba unachotaka."

"Naomba ruhusa ya alasiri hii."

"Una dharura?"

"Nakwenda kuonana na mtu."

"Shahidi?"

"Hapana, mkuu. Mtu tu. Sijawahi kumwona."

Inspekta alisikia mlango wa ofisi ya mkubwa wake ukifungwa taratibu, kisha kiti kikivutwa karibu na meza.

"Inspekta," alisema Mkuu, kwa sauti ya mtu ambaye kosa hilo alishalifanya yeye mwenyewe, "usiende na sare."